Aya ya Nne

Karani wa kliniki ya mishipa ya fahamu alikuwa na sifa moja iliyomfikisha mbali kuliko cheti chake: alijua kuandika. Barua za wauguzi za kuomba likizo, matangazo ya ukutani, hata maneno ya kadi za harusi za wenzake, yote yalipita mikononi mwake. Kwa hiyo daktari alipotaka wagonjwa wa sindano wapewe karatasi ya maelezo ya kwenda nayo nyumbani, hakuhangaika kutafuta mtu. Alimwekea mezani ile karatasi ya watengenezaji, ndefu kama kanga, yenye herufi ndogo kama sisimizi, akamwambia, "Niandikie kwa Kiswahili cha mtu aliyekaa kwenye foleni. Ukurasa mmoja, usizidi."

Sindano yenyewe ilikuwa ya watu waliokakamaa misuli: shingo zilizopinda, mikono iliyojikunja baada ya kiharusi, macho yanayofumba yenyewe. Dawa yake hutokana na sumu ya kijidudu ambacho kikiota kwenye chakula kilichoharibika huweza kuua. Ikipunguzwa sana, ikachomwa kidogo kidogo kwenye msuli, msuli hulegea kwa muda wa miezi mitatu hivi, kisha hurudia hali yake. Karani alikuwa ameona watu wakiingia wamebebwa na baada ya wiki mbili wanarudi wakitembea. Aliiamini dawa ile kama mtu anavyomwamini ndugu.

Akaandika aya sita. Ya nne ilisema hivi: mara chache dawa haibaki pale ilipochomwa, husambaa ikalegeza na misuli mingine, hata ya mbali; mgonjwa akipata tabu ya umezaji, sauti ikibadilika, kope zikianguka, mikono ikikosa nguvu au pumzi ikiwa nzito, hata kama wiki kadhaa zimepita, arudi hospitali siku hiyohiyo.

Alizichapa nakala chache, akazigawa kwenye foleni kujaribu. Mzee mmoja aliyekuja na mkono uliokunjamana aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anasoma wosia. Alipofika aya ya nne foleni nzima iligeuka kumtazama. Mama wawili wakainuka, mmoja akasema anakwenda kununua vocha, mwingine akamfuata. Hawakurudi.

Alipomweleza daktari, daktari hakuinua macho kutoka kwenye faili. "Ifupishe basi. Maneno yawe machache. Lakini maana ibaki."

Karani alirudi kwenye kompyuta yake. Na hapo, badala ya kufikiria wale mama wawili, alimfikiria wifi yake.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alikuwa fundi cherehani kwenye karakana ya kushona sare za shule. Mwaka wa tatu huo shingo yake ilikuwa inamgeuza kushoto bila ridhaa yake. Ili aone mbele ilibidi aweke kidole kidevuni, na mtu mwenye kidole kidevuni hawezi kusukuma kitambaa kwa mikono miwili. Msimamizi alimtoa kwenye cherehani akampeleka kukata nyuzi na kupiga pasi. Mwenyewe alilifanya jambo lile kuwa kichekesho. "Watu wa kushoto wananijua," alikuwa akisema. "Wa kulia wanadhani nimewanunia." Lakini karani alishamkuta mara moja kajifungia bafuni analia, bomba limefunguliwa ili watoto wasisikie.

Miezi sita alikuwa anambembeleza aje achomwe. Wifi alikuwa mwoga wa sindano kupita kiasi. Alizaa watoto wawili akiuma shuka kuliko kuchomwa ya kutuliza maumivu. Wiki ile hatimaye alikuwa amekubali. Angekuja Alhamisi, angepewa karatasi, angeisoma, kwa sababu wifi yake alisoma kila kitu, hata maandishi ya kwenye mfuko wa sabuni.

Karani aliivuta aya ya nne yote, kutoka neno la kwanza mpaka nukta, akaifuta. Mahali pake akaandika: "Ukiona mabadiliko yoyote siku za mwanzo, usiwe na hofu. Ni dalili kwamba dawa inafanya kazi. Uwe na subira." Akaisoma tena. Ilikuwa nzuri. Yote yalitosha kwenye ukurasa mmoja bila kubana. Daktari aliitia saini akiwa amesimama, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango.

Alhamisi wifi alikuja, akachomwa sehemu nne shingoni, akamfinya karani mkono mpaka kucha zikaacha alama. Akaenda nyumbani na karatasi yake ndani ya mkoba.

Siku ya sita alipiga simu anacheka. Shingo imeanza kutii. Ameangalia televisheni na mikono yake yote miwili ikiwa mapajani. Karani alifunga dirisha la mapokezi kwa dakika moja, akakaa tu, moyo umemjaa.

Siku ya tisa alipiga tena. Foleni ilikuwa imefika mpaka ngazi za nje na printa imekwama.

"Wifi, chai inanipalia," alisema. "Na maji. Jana usiku, leo asubuhi. Kitu kidogo tu, nakohoa weee."

"Umekunywa kwa haraka."

"Sijui. Labda. Hata sauti naiona kama imepungua."

Karani alikuwa anavuta karatasi kutoka kwenye tumbo la printa kwa mkono mmoja. Kuna kitu kilimgonga kifuani wakati ule, kidogo, kama mtu anayebisha hodi huku akitumaini hakuna mtu ndani. Alikisikia. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakukisikia. Lakini mbele yake alisimama mtu anayedai faili lake, na yeye akasema, "Soma ile karatasi, wifi. Kila kitu kimeandikwa humo."

"Haya," wifi alisema. "Ngoja niichukue."

Akaichukua, akaisoma, ikamwambia asiwe na hofu.

Alivumilia siku nne. Alianza kuloweka mkate ili upite. Kisha akaacha mkate akabaki na uji, na uji nao ukawa unatokea puani. Kope zake zilishuka, watoto wakamtania kwamba mama anasinzia mezani. Kule karakana pasi ilimshinda kuinua. Mume wake, fundi wa majokofu, mtu asiyependa mambo ya hospitali, alimwambia waende, naye akamwonyesha karatasi kwa kidole: uwe na subira. "Wifi yangu ndiye kaandika," alisema. "Angenificha kitu?"

Siku ya kumi na tatu alipandwa na homa, kifua kikawa kinakoroma. Kaka alimbeba mgongoni mpaka barabarani.

Karani alipata habari kwa muuguzi aliyepita dirishani kwake saa nne asubuhi. "Yule wifi yako yuko wodini. Mapafu. Inasemekana chakula kimekuwa kikiingia njia isiyo yake."

Hakukumbuka alivyopanda ngazi. Alimkuta kaka yake amesimama kando ya kitanda na viatu vya kazini, mikono imeshika chuma cha kitanda kana kwamba kitanda kitakimbia. Wifi alikuwa amewekewa hewa puani na wauguzi wanamwingizia mrija mwembamba wa chakula kupitia tundu la pua. Macho yalikuwa nusu wazi. Shingo ilikuwa imenyooka sawasawa. Miaka mitatu karani hajawahi kuuona uso ule ukitazama mbele bila kidole, na sasa ulikuwa unatazama dari.

Daktari alikuwapo. Aliuliza imeanza lini, kaka akajibu: kupaliwa, siku ya tisa.

"Siku ya tisa. Mbona mmekuja leo? Hamkupewa karatasi?"

"Tunayo." Kaka aliitoa mfukoni mwa shati. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa hadi mistari ya mikunjo imechanika. "Tumefuata kila kitu kilichomo."

Daktari aliisoma. Karani alitazama macho yake yakishuka, yakafika katikati ya ukurasa, yakasimama, yakarudi juu, yakashuka tena. Daktari aliitazama saini yake mwenyewe chini ya ukurasa. Aliikunja karatasi, akatoa maagizo ya dawa za mapafu, akasema mgonjwa asinywe hata tone kwa mdomo. Kisha akatoka, na karani akamfuata bila kuitwa.

Kwenye korido, karibu na meza ya matandiko, daktari aliuliza kwa sauti ya chini, "Aya ya nne iko wapi?"

"Niliitoa."

"Nilikwambia ufupishe."

"Najua ulivyoniambia."

Daktari aliegemea ukuta. Alikuwa mwanamke mrefu, na karani hajawahi kumwona akiegemea kitu. "Hatukukosea msuli," alisema. "Wala kipimo hakikuzidi. Nataka ujue hilo. Ile dawa ni maji. Ukidondosha maji kwenye kitambaa hayakai kwenye nukta uliyodondoshea. Shingoni na kooni ni jirani kabisa, na kwa wachache inafika mbali zaidi, kope, mikono, mpaka misuli ya kupumulia. Hatuwezi kuizuia kila mara. Tunachoweza ni kuiwahi. Angekuja siku ya tisa tungemwekea mrija, tukamlinda mapafu, akarudi nyumbani kula na watoto wake baada ya muda."

"Nilitaka achomwe," karani alisema. "Niliogopa angeisoma akakataa."

"Na mimi nilitia saini bila kusoma. Hilo ni langu, nitalipeleka kwa mkuu wa hospitali mwenyewe leo. Lako ni lako." Akamtazama. "Ni wangapi wengine wanayo karatasi hii?"

Walikuwa ishirini na mmoja. Karani alikaa na rejista na simu mpaka jioni. Kila aliyepokea alimwuliza: unameza vizuri, unaona vizuri, sauti ikoje, unapumuaje ukilala chali. Wengi walikuwa wazima na wakashukuru kwa kukumbukwa, na kila shukrani ilimkata kama wembe. Fundi viatu mmoja, aliyechomwa kwa ajili ya mkono, alisema kwamba kope moja imemwangukia wiki iliyopita na anaona vitu viwili viwili. "Nikajua uzee umeanza kazi," alisema. "Na karatasi ilisema nisiwe na hofu." Akaambiwa aje kesho yake asubuhi. Alikuja, akaangaliwa, akawekwa chini ya uangalizi. Kope yake ilipanda tena yenyewe mwezi uliofuata.

Kwa wifi yake, karani alifanya kila kitu isipokuwa lile moja. Alifua shuka zake. Aliwapikia watoto, akawakagua madaftari. Alifika wodini kabla ya kazi na baada ya kazi, akamkanda miguu, akamchana nywele. Kaka yake, ambaye kwa kawaida maneno kwake yalikuwa adimu kama maziwa ya kuku, alimshika bega siku ya tatu akasema, "Mdogo wangu, sisi tungekuwa wapi bila wewe."

Karani alikusanya shuka chafu, akashuka nazo kwenda kuzifua.

Homa ilishuka siku ya tano. Wifi hakuweza kuzungumza. Sauti ilitoka nyembamba, ya puani, ikaishia njiani. Alikuwa na daftari la mtoto wake wa pili, akawa anaandika kwa mkono unaotetemeka. Siku hiyo mchana kaka alikuwa amekwenda kazini na wodi ilikuwa kimya, watu wanasinzia. Wifi aliandika sentensi moja, akamgeuzia.

"Usijilaumu. Nilisoma karatasi yako nikavumilia. Labda sikuvumilia vizuri."

Karani aliisoma mara mbili. Aliliweka daftari juu ya blanketi, akalinyoosha kona zake. Halafu akasema yote, kwa sauti ya kawaida, bila kulia, maana aliona kulia kungekuwa kujiombea huruma. Alisema aya ilikuwa inasema nini. Alisema ni nani aliyeifuta na kwa nini. Alisema na habari ya simu ya siku ile: kwamba alipoambiwa chai inapalia alijua, au alijua nusu, na printa ilikuwa imekwama.

Wifi alimsikiliza kope zikiwa zimeshuka. Kisha akaandika neno moja.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Wifi alifunga daftari. Akageuza uso ukutani, polepole, kwa shingo ambayo sasa ilikwenda kokote alikotaka.

Jioni kaka alimsubiri chini ya ngazi. Wifi alikuwa ameshamwandikia yote kwenye daftari. Hakupaza sauti; angepaza, karani angalau angepata pa kujishikiza. "Mimi nilimwambia twende," alisema. "Mara mbili. Akanijibu, angenificha kitu?" Akatazama funguo mkononi mwake. "Usije kesho."

Hakwenda kesho yake, wala wiki iliyofuata. Alipewa barua ya onyo kazini, akaisoma akaona ni ndogo. Alitamani adhabu yenye uzito, kitu cha kubeba waziwazi. Hakuna aliyempa. Alikaa dirishani pake akipokea faili, na kila mgonjwa aliyekohoa kwenye foleni alimfanya ainue kichwa. Usiku alijikuta anameza mate kwa kuhesabu, akisikiliza jinsi koo linavyofanya kazi yake bila kuombwa.

Habari za wifi alizipata kwa wauguzi. Wiki ya tatu amemeza kijiko cha uji mzito. Wiki ya tano mrija umetolewa. Wiki ya sita amerudi nyumbani.

Wiki ya saba simu iliita. Sauti ilikuwa bado ina mkwaruzo, lakini ilikuwa yake.

"Nasikia mnaandika karatasi mpya."

"Ndiyo, wifi."

"Ilete niione kabla hamjaichapa."

Alikwenda Jumamosi asubuhi. Kaka yake alimfungulia mlango, akaitikia salamu, akatoka kwenda kwenye ngazi za nyuma alikokuwa anakarabati jokofu la mtu. Wifi alikuwa mezani, amekonda, shati linampwaya mabegani. Alikuwa na kalamu nyekundu ya kusahihishia madaftari ya watoto.

"Tuelewane," alisema. "Sijakusamehe. Nimekuita kwa sababu ya hii karatasi."

"Sawa."

"Na usinifulie tena shuka. Nilikuwa nakuona unanifulia, nikawa nakuombea dua. Umenifanya nimchoshe Mungu bure."

Karani alikaa. Wifi alisoma aya ya nne, ambayo sasa ilikuwa ya kwanza, kwa herufi nene. Alifika kwenye neno, akalizungushia wino.

"Umezaji wa shida. Hii ni nini?"

"Ni pale mtu anaposhindwa kumeza."

"Mimi sikushindwa kumeza. Ningeshindwa kumeza ningekuja nakimbia. Mimi nilikuwa napaliwa. Chai inanipalia, nakohoa, naendelea. Hata usingeifuta, wifi, ningeisoma hii ya kwako ya zamani nikasema hainihusu." Akaandika pembeni: kupaliwa na maji au chai. Chakula kurudi puani. Sauti kuwa kama ya mtu mwenye mafua. Kushindwa kuinua kitu ambacho jana uliinua. "Na hapa, 'rudi hospitali'. Mtu anaanza kujiuliza, nitakwenda kuwaambia nini, kwamba nimepaliwa? Watanicheka. Andika, hata kama unaona ni jambo dogo, hata kama unaona haya. Andika usiku na mchana. Weka namba ya simu, na anayepokea asiwe anahangaika na printa."

Alisema hilo la mwisho bila kumtazama. Karani aliandika yote. Akili yake ilitaka kukamata ile sentensi, kwamba hata aya ile isingemwokoa, ajifunike nayo kama shuka. Aliiona inavyomvuta. Akaikataa, kwa sababu aya ya zamani ilikuwa imetaja na sauti, na kope, na mikono, na wifi angevifikia vyote hivyo, kimoja baada ya kingine, kabla ya siku ya kumi na tatu. Na kwa sababu wakati anaifuta hakuwa anajua kama ingeokoa au la.

Karatasi mpya ilitoka na kurasa mbili. Watu wengine waliisoma wakaondoka. Daktari aliisoma kila mstari, mbele ya karani, akiwa ameketi.

Mwezi wa nne baada ya sindano, shingo ya wifi ilianza kurudi kushoto, kidogo kidogo, kama mlango usio na komeo. Alikwenda mwenyewe kwa daktari wakazungumza saa nzima. Alirudi na uamuzi wake: atachomwa tena, nusu ya kipimo, na upande ule wa karibu na koo usiguswe. Kaka yake karani hakutaka, wakagombana nyumbani siku mbili, mwishowe akasema kama ni lazima basi yeye atakuwapo.

Alikuwapo. Alikaa kwenye benchi la kliniki na kofia yake magotini, akitazama ukuta ulio mkabala na dirisha la mapokezi. Wifi alitoka na pamba shingoni, akaja dirishani kuweka tarehe ya kurudi.

"Nitapiga simu kila asubuhi," karani alisema. "Mpaka wiki ya tatu."

"Utapiga, na mimi nitakunywa maji ukinisikia." Wifi aliegemea kidogo. "Huyo bwana mwache. Hasira zake ni za haki. Nyumba ikishakuwa na mtu mmoja wa kukukasirikia, mimi napata nafasi ya kuzungumza na wewe."

"Na wewe je, hujakasirika?"

Wifi alifikiria. "Nakasirika nikila mkate," alisema. "Nikimaliza, inapungua."

Kipimo kile kidogo kilinyoosha shingo nusu tu. Hakupaliwa. Alirudi kwenye cherehani kwa nusu siku, akishona mishono mirefu na kuwaachia wengine kola. Karani alipiga simu asubuhi ishirini na moja, na kila asubuhi alisikiliza mnyweo mmoja wa maji ukishuka, akasubiri, akasikia, "Haya, nenda kazini."

Kaka yake aliendelea kuitikia salamu na kutoka nje. Mwaka uliofuata, siku familia ilipokusanyika, alimvutia kiti. Karani hakumshukuru kwa sauti. Alikaa.